Neno "Saratani" Katika Karatasi ya Dawa: Mazungumzo na Watu Wanaoishi na Lupus



Kwa kawaida mwananchi huisikia Mamlaka ya dawa pale dawa bandia zinapokamatwa au duka linapofungwa. Leo tumekuja kwa shughuli nyingine. Tumekuja kueleza neno moja ambalo sisi wenyewe tunahusika kulifikisha mikononi mwenu. Neno hilo ni saratani.

Ndani ya boksi la dawa iliyosajiliwa mna karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nyingi, yenye maandishi madogo. Kabla dawa haijaruhusiwa kuingia sokoni, wataalamu huipitia karatasi hiyo mstari kwa mstari na kudai kwamba kila hatari inayojulikana iandikwe. Katika karatasi ya azathioprini mtakuta onyo kwamba dawa hiyo yaweza kuongeza uwezekano wa kupata saratani ya ngozi na saratani ya tezi za limfu. Katika karatasi ya saiklofosfamidi mtakuta saratani ya kibofu cha mkojo na saratani ya damu. Maonyo hayo ni ya kweli. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ambao ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, umeziweka dawa hizo mbili katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuweza kusababisha saratani kwa binadamu. Hatuwezi kulificha jambo hilo, wala hatukusudii kulificha.

Hata hivyo, tunajua pia yanayoweza kutokea baada ya karatasi kusomwa. Mgonjwa anaifungua usiku akiwa peke yake, anakutana na neno lile, na kesho yake dawa inabaki kabatini. Hamwambii daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Wiki zinapita, uso na miguu vinaanza kuvimba, na anaporejea hospitali anaambiwa kwamba figo zimekwisha kushambuliwa. Karatasi iliyokusudiwa kumlinda imemfikisha pabaya, kwa sababu ilimpa onyo pasipo kumpa kipimo cha onyo lenyewe. Kipimo hicho ndicho tulichokuja nacho leo.

Lupus si saratani

Tuanze na swali linaloulizwa mara nyingi kuliko mengine: je, lupus ni aina ya saratani? Jibu ni hapana. Saratani ni chembe za mwili zinazokua na kuongezeka bila mpango, zikavamia sehemu nyingine. Lupus ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Askari waliowekwa kuulinda mji wanageuka na kuwashambulia wenyeji: ngozi, viungo, figo, damu, moyo, mapafu, hata ubongo. Haiambukizwi, na katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Sababu ya watu kuchanganya magonjwa haya mawili inaeleweka. Baadhi ya dawa za lupus zilianza kutumika kwa saratani. Mgonjwa wa lupus ambaye figo zake zimeshambuliwa anaweza kupewa dripu ya saiklofosfamidi, na pengine akaipata katika wodi ileile wanamolazwa wagonjwa wa saratani. Mwingine anapewa methotreksati, dawa ambayo jirani yake anaijua kwa sababu ya shangazi yake aliyekuwa na saratani. Habari inasambaa mtaani kwamba fulani ana saratani ila anafichwa. Ndugu zetu, hafichwi. Dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili tofauti. Kwa mgonjwa wa lupus, kazi yake ni kuipunguza nguvu kinga iliyopotoka.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Baada ya kusema kwamba lupus si saratani, lazima tuseme pia kwamba watu wenye lupus hupata baadhi ya saratani mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na nyingine huzipata mara chache zaidi. Utafiti mkubwa unaotegemewa katika suala hili ulichapishwa mwaka 2013. Uliwafuatilia wagonjwa 16,409 waliokuwa wakihudhuria vituo 30 katika nchi mbalimbali, kwa wastani wa miaka 7 na zaidi kwa kila mmoja. Katika muda huo zilionekana saratani 644.

Je, 644 ni nyingi au chache? Watafiti walilinganisha idadi hiyo na ile iliyotarajiwa kwa watu wa umri huo na jinsia hiyo katika jamii zao. Walikuta kwamba pale ambapo saratani 100 zilitarajiwa, kwa wagonjwa wa lupus zilionekana 114. Hilo ndilo ongezeko kwa jumla: 14 juu ya 100. Si jambo la kupuuzwa, wala si hukumu ya kifo.

Ndani ya jumla hiyo mna tofauti kubwa. Saratani ya tezi za limfu ya kundi liitwalo lisilo la Hodgkin ilionekana zaidi ya mara 4 ya ilivyotarajiwa. Saratani ya sehemu za nje za uke ilikaribia mara 4. Saratani ya tezi ya shingo inayotengeneza homoni ilikuwa 176 pale ambapo 100 zilitarajiwa, na saratani ya mapafu ilikuwa 130. Kwa upande mwingine, saratani ya matiti ilikuwa 73 tu pale ambapo 100 zilitarajiwa, na saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ilikuwa 44.

Tuwaombe tahadhari moja katika kuzisoma hesabu hizi. "Mara 4" ni maneno yanayotisha mpaka mtu aulize: mara 4 ya ngapi? Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa katika watu 10,000 ugonjwa fulani huwapata 2 kwa mwaka, basi mara 4 yake ni watu 8. Watu 9,992 waliobaki hawakuupata mwaka huo. Mara nyingi mtangazaji wa dawa ya miujiza, na hata jirani mwenye huruma, hutaja "mara 4" na kuisahau hiyo 2. Mkisikia ongezeko lolote linatangazwa, liwe la hatari au la nafuu, ulizeni kwanza kwamba limeanzia wapi.

Ongezeko hilo linatoka wapi? Dawa zina sehemu yake, lakini si sehemu yote. Kinga inayofanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi huzichochea chembe za damu zigawanyike tena na tena, na katika kugawanyika huko kosa linaweza kuzaliwa. Kinga iliyovurugika au iliyopunguzwa nguvu hushindwa kuvifukuza virusi vinavyoleta saratani. Sigara nayo huchangia. Kwa hiyo mtu anayeacha dawa ili aikimbie saratani hajaikimbia hatari yote. Ameiacha lupus yenyewe ikiendelea kuwaka.

Mahali pa kuangaliwa zaidi

Tukishajua hatari zilipo, tunaweza kuzichunga. Tutataja sehemu sita.

Ya kwanza ni tezi za limfu, zile ambazo watu wengi huziita mitoki zikivimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Lupus yenyewe huweza kuzivimbisha. Vilevile katika nchi yetu kifua kikuu huzivimbisha, na mgonjwa anayetumia prednisoloni au dawa nyingine za kupunguza kinga yumo katika hatari zaidi ya kifua kikuu. Saratani ya limfu nayo huanza namna hiyohiyo. Dalili nyingine, kama homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, hufanana katika magonjwa yote matatu. Ndiyo maana hapafai kubahatisha. Uvimbe usio na maumivu, mgumu, unaoendelea kukua au usiopungua baada ya wiki chache, unapaswa kupimwa, na kipimo cha uhakika ni kukatwa kinyama kidogo kikaangaliwe maabara. Msikubali kuzunguka miezi mingi mkipewa dozi baada ya dozi za antibayotiki pasipo kipimo hicho.

Ya pili ni mlango wa kizazi na sehemu za nje za uke. Saratani nyingi za sehemu hizi huletwa na virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi HPV. Watu wengi huvipata virusi hivi na miili yao huvifukuza yenyewe; aliyepunguziwa kinga huchelewa kuvifukuza. Kwa sababu hiyo mabadiliko ya awali katika mlango wa kizazi huonekana mara nyingi zaidi kwa wanawake wenye lupus. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, kwa hiyo jambo hili linatuhusu mara mbili.

Uchunguzi wake si wa kutisha. Katika vituo vingi mhudumu hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna mahali panapogeuka peupe. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mabadiliko ya awali yakionekana huweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Mpango wa taifa umewalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Mwanamke mwenye lupus anayetumia dawa za kupunguza kinga amwulize daktari kama aanze mapema zaidi na kama arudie mara nyingi zaidi kuliko wenzake. Aseme waziwazi mbele ya mhudumu kwamba ana lupus na ataje dawa anazotumia, kwa sababu mhudumu hawezi kulijua jambo hilo kwa kumtazama. Kuwashwa kusikoisha, kidonda au kinundu kwenye sehemu za nje za uke kisionewe haya. Aibu ya dakika tano ni nafuu kuliko kuchelewa mwaka mzima.

Hapa tuseme neno kwa wazazi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Dozi hiyo moja inatosha kwa msichana mwenye kinga ya kawaida. Lakini kwa mtu aliyepungukiwa kinga, Shirika la Afya Duniani linashauri dozi zisizopungua 2, na ikiwezekana 3. Binti mwenye lupus anayetumia dawa za kupunguza kinga anaweza kuchanjwa shuleni pamoja na wenzake, na nyumbani ikadhaniwa kwamba kazi imekwisha. Mwulizeni daktari wake. Chanjo hii haina virusi hai, hivyo haiwezi kumletea ugonjwa inaoukinga.

Ya tatu ni kibofu cha mkojo, kwa waliowahi kutibiwa kwa saiklofosfamidi. Dawa hii inapovunjwavunjwa mwilini hutoa kemikali inayokiunguza kibofu inapopita na mkojo. Ndiyo maana wauguzi husisitiza kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara siku ya dripu. Hatari yake hutegemea jumla ya dawa iliyoingia mwilini, na inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya matibabu kumalizika. Kwa hiyo damu katika mkojo, hata kama imeonekana mara moja na kutoweka, ni habari ya kumpelekea daktari. Tunalitaja hili kwa mkazo kwa sababu katika maeneo mengi yetu mkojo wa damu huitwa kichocho papo hapo, na mtu hununua dawa ya kichocho dukani. Inawezekana ni kichocho kweli, na kichocho cha kibofu kisipotibiwa nacho huweza kuleta saratani. Inawezekana ni figo zilizoshambuliwa na lupus. Inawezekana ni kibofu. Macho hayawezi kuvitenganisha vitatu hivi, maabara inaweza.

Ya nne ni ngozi. Ipo lupus ya ngozi inayoacha makovu ya mviringo usoni, masikioni, midomoni na kichwani. Kovu la miaka mingi, hasa lililo mahali panapopigwa na jua, laweza kugeuka saratani, hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana. Dalili ni kidonda juu ya kovu kisichopona, ukoko unaorudi kila unapobanduka, au kinundu kinachoinuka na kutoa damu. Kingeni ngozi kwa kofia pana, mtandio, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua.

Tena tunawasihi: msijaribu kufuta makovu hayo kwa mkorogo. Tunaelewa kinachomfanya mtu aununue, kwa maana kovu la uso humtangulia mwenyewe kila aendako. Lakini vipodozi vya kung'arisha ngozi vimewahi kukutwa na zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Zebaki huharibu figo, na figo ndizo ambazo lupus huzitafuta. Steroidi kali huifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi inayochubuliwa hupoteza kinga yake dhidi ya jua.

Ya tano ni mapafu. Uvutaji wa sigara huleta saratani ya mapafu kwa kila mtu. Kwa mwenye lupus huongeza juu ya hatari iliyokwisha kuwapo, na pia hudhoofisha matokeo ya matibabu ya lupus ya ngozi. Katika yote tutakayoyasema leo, kuacha sigara ni tendo lisilohitaji cheti cha daktari na ambalo faida yake ni kubwa. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au kutoa damu, kipimwe mara moja, kwanza kwa ajili ya kifua kikuu.

Ya sita ni ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka, kisha vikaamka kinga inapopunguzwa. Virusi hivyo ni miongoni mwa sababu kuu za saratani ya ini barani Afrika. Kipimo cha damu kabla ya kuanza dawa za kupunguza kinga humwezesha daktari kumlinda mgonjwa mapema. Kama hamkumbuki kupimwa, ulizeni.

Na matiti je? Tumesema kwamba saratani hiyo imeonekana mara chache zaidi kwa wenye lupus. Hiyo si ruhusa ya kulipuuza titi lenye uvimbe. Uchache si kutokuwapo.

Dawa: kuendelea au kuacha?

Sasa turudi kwenye karatasi ya dawa. Katika miaka ya 1950, wakati matibabu ya lupus yalikuwa machanga, karibu nusu ya wagonjwa hawakufikisha miaka 5 tangu kutambuliwa ugonjwa. Leo, mahali penye huduma kamili, zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huivuka miaka hiyo. Mabadiliko hayo yameletwa kwa sehemu kubwa na dawa zilezile ambazo karatasi zake zinatisha, pamoja na vipimo bora na matibabu ya figo.

Dawa hizo hazifanani. Haidroksiklorokwini, ambayo wagonjwa wengi wa lupus hupaswa kuitumia kwa muda mrefu, haihusishwi na ongezeko la saratani. Inahitaji macho yachunguzwe kwa utaratibu, lakini kuiacha kwa kuhofia saratani ni kujinyima ngao kwa sababu ya kisa cha dawa nyingine. Azathioprini ina hatari tuliyoitaja, na mtumiaji wake anapaswa kujikinga na jua na kupimwa damu mara kwa mara. Kuhusu saiklofosfamidi, madaktari wamejifunza kutumia kidogo zaidi. Upo utaratibu ulioanzia Ulaya ambao mgonjwa hupewa miligramu 500 kila baada ya wiki 2, mara 6 tu, jumla gramu 3, kisha huhamishiwa dawa nyingine. Kiasi hicho ni kidogo kuliko cha taratibu za zamani zilizoendelea hadi miaka miwili.

Kwa hiyo swali sahihi si "dawa hii ina saratani?" Swali sahihi ni "mimi, kwa hali yangu ya sasa, naogopa kipi zaidi, na tunakichunga vipi?" Figo inayoshambuliwa leo inaweza kufa katika muda mfupi. Hatari ya saratani kutokana na dawa, kwa watumiaji wengi, ni ndogo, huja polepole, na huweza kuchungwa. Lakini mizani hiyo haifanani kwa kila mtu. Mgonjwa ambaye lupus yake imetulia kwa miaka kadhaa ana haki ya kuuliza kama dozi inaweza kupunguzwa, na daktari mwema hatalichukia swali hilo. Kupunguza kwa mpango ni matibabu. Kuacha kimyakimya ni hatari, na kwa prednisoloni iliyotumika muda mrefu ni hatari maradufu, maana mwili huwa umezoea kuitegemea na kukatishwa ghafla kunaweza kumwangusha mgonjwa.

Vinavyouzwa kwa jina la kinga

Hofu huzaa biashara. Mtu aliyesoma neno saratani akaiacha dawa yake huwa mteja mzuri wa anayesema: "Yangu haina kemikali." Tunawaomba muzitambue aina tatu za bidhaa.

Kuna zinazodai kuongeza kinga. Mwenye lupus hana upungufu wa hasira ya kinga; anayo kupita kiasi. Baadhi ya mimea inayotangazwa kwa kazi hiyo, kama ekinasia na alfalfa, imehusishwa na kuamsha lupus.

Kuna zinazodai kutibu lupus, saratani, kisukari na shinikizo la damu kwa chupa moja. Magonjwa haya hayana chanzo kimoja. Dai la namna hiyo latosha kuwa sababu ya kutonunua.

Na kuna zile ambazo kweli zinaleta nafuu kwa siku chache, viungo vikaacha kuuma na mtu akapata hamu ya kula. Hizo ndizo zinazopaswa kutiliwa shaka zaidi. Katika nchi nyingi, maabara za udhibiti zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na steroidi. Mgonjwa hajui anakunywa kiasi gani, daktari hajui kwamba anakunywa, na chupa ikiisha mwili unaporomoka.

Hatusemi kwamba kila mti shamba ni sumu. Dawa nyingi za hospitali zilitoka katika miti. Tunasema kwamba bidhaa isiyoandika kilichomo ndani yake haimpi mnunuzi nafasi ya kuamua. Karatasi yetu inatisha kwa sababu inasema. Chupa ya mtaani inatuliza kwa sababu imenyamaza.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

Ndugu wasikilizaji, tumalize kwa mambo machache ya kutenda.

Tafuteni daftari. Andikeni jina la kila dawa ya lupus mliyotumia, dozi yake, mwezi mliouanza na mwezi mliouacha. Kwa saiklofosfamidi andikeni kila dripu na idadi ya miligramu. Mafaili ya hospitali hupotea, madaktari huhamishwa, na wagonjwa huhama mikoa. Daftari lenu litamwambia daktari wa mwaka kesho jambo ambalo hakuna mwingine atakayelikumbuka. Katika ukurasa wa mwisho andikeni tarehe za vipimo: mlango wa kizazi, mkojo, damu, macho, ini, na chanjo.

Nunueni dawa katika famasi au duka lililosajiliwa, kwa cheti cha daktari, na daini risiti. Angalieni tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo kabla hamjaondoka. Muuza duka asibadilishe dozi wala aina ya dawa kwa maneno ya mdomo.

Mkipata madhara mnayoshuku yametokana na dawa, mwambieni daktari au mfamasia, na mwombe ajaze fomu ya taarifa ya madhara. Si lazima mwe na uhakika. Baadhi ya maonyo yanayoandikwa katika karatasi leo yalianza kama taarifa za wagonjwa waliosema, "Tangu nianze dawa hii, naona jambo fulani."

Mwisho, karatasi ikiwatisha, msiitupe na wala msiitupe dawa. Pigieni mstari sentensi iliyowatisha, ichukueni karatasi yenyewe mpaka kliniki, iwekeni mezani kwa daktari na mseme: "Nieleze hapa." Kama foleni ni ndefu, anzeni na mfamasia, kueleza ni sehemu ya kazi yake, na halipwi zaidi kwa kunyamaza.

Sisi tutaendelea kudai kwamba neno saratani liandikwe kila linapostahili kuandikwa. Ninyi mna haki ya kudai kwamba lielezwe. Mkitoka hapa na swali hilo mkononi, na dawa zenu bado zikinywewa kwa saa yake, safari yetu itakuwa imefaa.